Jarida la Muziki Port Reitz: Nakala 563 au 1,750?

Anayetaka kuanzisha jarida la muziki huku kwetu huuliza kwanza: nakala moja inapigwa chapa kwa bei gani? Swali la kuuliza ni jingine: niuze ngapi ndipo pesa zangu zirudi?

Tushike mfano wa jarida la kurasa 32, saizi ya A4, bei sh200. Tuseme usanifu, picha na pleti ni sh60,000, uchape chache au nyingi. Karatasi, wino na kazi ni sh50 kwa nakala. Ukichapa 600, kila nakala imekutoka sh150. Ukichapa 3,000, sh70 tu. Moyo hukimbilia hapo.

Sasa zipime. Kurasa 32 za A4 ni karatasi ya mita mraba moja kamili, kwa hiyo kwa karatasi ya gramu 90, jarida lina gramu 90. Nakala 3,000 ni kilo 270: zinataka pikapu, stoo na msambazaji. Akikata asilimia 40, wewe unabaki na sh120. Umetumia sh210,000, hivyo lazima ziuzwe 1,750 ndipo urudishe mtaji. Zikiuzwa 1,500, umepoteza sh30,000, na nyingine 1,500 zinakurudia majalada yamepauka kwa jua la mezani.

Nakala 600 ni kilo 54. Tuktuk moja inazibeba kutoka Port Reitz hadi Magongo, Changamwe na Mikindani. Wape wauza magazeti mali kauli, kila nakala wabaki na sh40. Gharama yako ni sh90,000, na ukiuza 563 umetoka salama. Zikiisha zote 600, faida ni sh6,000 tu. Huo si mshahara, nakubali. Lakini utakuwa umejua kwa hakika ni meza ipi iliyomaliza na ipi iliyorudisha, na hilo hakuna msambazaji atakayekuhesabia kwa uangalifu kama wewe.

Njia hii si ngeni Mombasa. Assanand & Sons walirekodi taarab na kuiuza wenyewe kwa lebo yao ya Mzuri. Na mji uliotoa muziki wa bango wa Mzee Ngala na wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms haukosi la kuandika.

Ukiamua kumtafuta mchapishaji badala ya kulitoa jarida mwenyewe, muulize dhamana ambayo sheria humtaka mchapishaji aiweke iko kwa jina la nani. Mwaka 2002 Kenya iliipandisha kutoka sh10,000 hadi sh1,000,000, na kiasi hicho kinameza jarida changa kabla ya toleo la kwanza. Muulize pia nakala zisizouzwa ni hasara ya nani, na pesa za mauzo hulipwa baada ya siku ngapi. Yaandikwe kwenye mkataba.

Anza na 600. Msambazaji mkubwa mwite matoleo matatu yakishaisha mezani.