Ing'arishe injini yako bila kuiua: Mambo ya kuzingatia unaposugua vipuri vya alumini nyumbani

KUFUNGUA boneti na kukuta injini inayometameta kama sufuria mpya ni fahari ya wengi wanaoyaenzi magari yao. Vipuri vya alumini vilivyotoka kiwandani vikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia vyaweza kung'arishwa hadi mtu akajiona uso kana kwamba anajitazama katika kioo.

Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Mtu mwenye subira, karatasi za msasa za viwango mbalimbali, maji na sabuni anaweza kuifanya nyuma ya nyumba yake.

Hata hivyo, mng'aro huo huandamana na hatari mbili ambazo wengi hawazitambui. Ya kwanza ni punje za msasa zinazobaki ndani ya kipuri, ambazo zaweza kuiangamiza injini. Ya pili ni vumbi la alumini lenyewe, ambalo lina uwezo wa kuwaka moto na kulipuka.

Alumini hupendwa na watengenezaji wa magari kwa sababu ya wepesi wake: uzito wake ni takriban thuluthi moja tu ya uzito wa chuma. Isitoshe, haipati kutu nyekundu. Mara inapokutana na hewa, hujifunika kwa utando mwembamba mno wa oksidi unaoikinga isiliwe zaidi.

Utando huo ukiongezeka, ndio huifanya alumini ipoteze mng'aro. Katika miji ya pwani kama vile Mombasa na Malindi, chumvi iliyomo hewani huweza kuupenya na kuacha unga mweupe pamoja na vishimo vidogo vidogo.

Jambo la kwanza ni kuchagua kipuri kinachofaa. Kifuniko cha valvu, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, na upande wa nje wa manifoldi ya kuingizia hewa ndivyo vinavyofaa zaidi, kwani hufunguliwa kwa urahisi na huonekana mara tu boneti inapoinuliwa.

Kipuri sharti kiondolewe kabisa kwenye injini kabla ya kuguswa na msasa, na tundu la injini lililobaki wazi lifunikwe vyema. Aidha, nyuso bapa zinazokaliwa na gasketi zisisuguliwe hata kidogo. Uso huo ukipinda au kukwaruzika, mafuta au hewa itaanza kuvuja.

Ni muhimu pia kuhakikisha kwamba kipuri ni cha alumini kweli. Baadhi ya vifuniko hutengenezwa kwa magnesi, metali nyepesi zaidi ambayo vumbi lake huwaka kwa ukali mno. Kwangua mahali padogo pasipoonekana, kisha udondoshe tone la siki. Likitoa mapovu, hiyo ni magnesi, na kazi hiyo haifai kufanyiwa nyumbani.

Baada ya hapo, osha grisi na mafuta kwa maji ya moto na sabuni. Kostiki soda, ile inayotumiwa kuzibulia mabomba, isitumiwe kamwe. Hula alumini papo hapo, hutoa joto kali, na hufukuza gesi ya hidrojeni ambayo hushika moto upesi.

Usuguaji wenyewe hufuata ngazi. Nambari ya msasa ikiwa ndogo, punje zake huwa kubwa. Kipuri chenye ngozi ya mchanga wa kalibu huanzishwa kwa nambari 180 au 220, kisha 320, 400, 600, 800, 1000 na hatimaye 1500. Kilicho laini tangu mwanzo chaweza kuanzishwa kwa 400.

Siri ya kazi hii ni kubadilisha mwelekeo. Ikiwa nambari 320 ilisuguliwa kwa urefu, 400 isuguliwe kwa upana hadi mikwaruzo yote ya awali itoweke. Anayeruka ngazi moja ili kuokoa wakati hugundua mwishoni kwamba mng'aro umeifichua mikwaruzo badala ya kuificha, na hulazimika kurudi nyuma.

Kusugua kukikamilika, hufuata dawa ya kung'arishia metali, inayopakwa kwa kitambaa laini au kwa gurudumu la pamba lililofungwa kwenye drili. Kitambaa kitageuka cheusi, nawe usiwe na wasiwasi. Weusi huo ni chembe za alumini zinazotoka, na huendelea kutoka hata kipuri kinapokuwa safi.

Mashine yenye jiwe la kunolea visu isitumiwe. Alumini ni laini na huziba vinyweleo vya jiwe hilo, likapata joto na hata kupasuka likiwa katika mwendo wa kasi.

Kuhusu vumbi, dunia ilipata funzo chungu mnamo Agosti 2, 2014 katika mji wa Kunshan, Uchina. Vumbi la alumini lililipuka katika kiwanda kilichokuwa kikisafisha rimu za magari, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Vumbi la kipuri kimoja nyumbani haliwezi kulinganishwa na la kiwanda, lakini kanuni ni ile ile. Fanya kazi nje, sugua kwa maji ili vumbi lisipeperuke, na uwe mbali na jiko na sigara. Vaa miwani ya kukinga macho na barakoa. Vumbi hilo likishika moto, lizimwe kwa mchanga mkavu wala si maji, kwa kuwa maji huchochea moto wa alumini. Nalo tope linalobaki lisifungiwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kwani laweza kutoa hidrojeni.

Hatari ya injini kuharibika hujitokeza baadaye, wakati mwenye gari anapodhani kazi imekwisha. Punje za karatasi nyingi za msasa ni oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini hupata 9, hatua moja tu nyuma ya almasi.

Punje hizo zikiingia katika mafuta ya injini, husafiri hadi kwenye krankshafti. Nafasi iliyopo kati ya krankshafti na beringi zake ni sehemu chache tu za mia za milimita. Punje huchimba beringi hizo, na kabla ya muda mrefu injini ikaanza kunoki. Kampuni ya General Motors ya Marekani imewahi kuwaonya mafundi wake dhidi ya kutumia sponji za kukwaruzia katika kusafisha nyuso za gasketi kwa sababu iyo hiyo.

Tapeti kava ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ndani yake mara nyingi mna bati linalozuia mafuta kurushwa kwenye bomba la kupumulia, na nyuma ya bati hilo ndipo punje hujificha. Ziba matundu yote kwa utepe kabla ya kuanza. Ukimaliza, osha kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, pulizia hewa ya kompresa, kisha upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na doa la kijivu, rudia.

Mng'aro hauongezi nguvu za injini wala haupunguzi matumizi ya petroli. Pia haudumu wenyewe, kwani oksidi huanza kujijenga upya siku iyo hiyo. Nta ipakwayo kila baada ya wiki kadhaa itauhifadhi.

Silinda hedi na bloku, ambako vipimo ni vya sehemu za milimita, ziachiwe fundi mwenye mashine za kazi hiyo.