Kuchagua Shule ya Udereva: Pima Ada kwa Saa za Usukani

Udereva ni miongoni mwa fani ambazo kijana wa Wilaya ya Kilosa aweza kuziingia bila kusubiri miaka mingi ya masomo. Malori na mabasi yaendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia hupita Mikumi usiku na mchana. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na ya miwa ya Ruhembe yanahitaji watu wa kuendesha malori na matrekta. Kwa sababu hiyo kaya nyingi huuza mpunga, mahindi au ufuta ili kumlipia mtoto wao ada ya shule ya udereva.

Fedha hizo zikishatoka, si rahisi kurudi. Ndiyo maana swali linaloulizwa kwanza karibu na kila mzazi ni hili: shule ipi ina ada ndogo? Ni swali halali, nasi hatumlaumu anayeliuliza. Lakini peke yake halitoshi, kwa kuwa shule mbili zinaweza kutaja bei zinazokaribiana huku zikiuza vitu viwili tofauti kabisa. Katika makala hii tunaeleza ada ya mafunzo ya udereva inalipia nini, namna ya kulinganisha bei kwa haki, na hatua za kuchukua endapo ulichoahidiwa hukupewa.

Unalipia nini hasa

Watu wengi hudhani kwamba wananunua cheti. Cheti ni karatasi inayothibitisha kwamba mafunzo yamefanyika. Kitu kinachonunuliwa ni mafunzo yenyewe. Nayo yana sehemu tatu zenye gharama: mkufunzi, gari pamoja na mafuta yake, na muda ambao wewe mwenyewe unakaa kwenye usukani. Darasa la alama na sheria za barabarani lina umuhimu mkubwa, lakini gharama yake ni ndogo, kwa sababu mwalimu mmoja aweza kufundisha wanafunzi 30 kwa wakati mmoja. Usukani haugawanyiki namna hiyo. Mwanafunzi mmoja tu ndiye anayeuendesha kwa wakati, na kila kilomita anayoitembeza gari inakula mafuta.

Kutokana na hilo, shule inayotaka kupunguza bei bila kupata hasara huwa na njia chache tu: kupunguza saa za usukani, kupakia wanafunzi wengi katika gari moja, kuchelewesha matengenezo ya gari, au kumweka mkufunzi asiye na sifa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoandikwa kwenye tangazo. Ni juu ya mtumiaji kuuliza.

Barabara zetu zinadai nini

Gari la kujifunzia likizunguka katika uwanja wa mpira kwa wiki tatu, mwanafunzi atajua kuondoa gari, kubadili gia na kurudi nyuma. Hayo ni mambo ya lazima, lakini ni mwanzo tu. Dereva wa Kilosa na Mikumi hukutana na barabara za namna tatu, na kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni barabara kuu ipitayo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Humo mwendo umewekewa ukomo wa kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Usiku rangi ya nyati na tembo hufanana na giza, na taa za gari linalokuja mbele humpofusha dereva kwa muda. Aliyefundishwa vizuri anajua kupunguza mwendo kabla ya kuona hatari, na anajua kwamba mnyama mmoja akivuka, mara nyingi wengine wako nyuma yake. Anayemgonga mnyama hutozwa faini, na viwango vyake vimeandikwa kwenye mabango yaliyopo barabarani. Lakini faini ni nafuu ikilinganishwa na maisha ya waliomo ndani ya gari.

Ya pili ni miteremko. Anayetoka Mikumi kwenda Iringa hupita Ruaha Mbuyuni kisha hupanda Mlima Kitonga, na siku ya kurudi lazima aushuke. Gari zito lishushwalo kwa kukanyaga breki mfululizo huzipasha joto breki hizo hadi zikaacha kushika. Namna salama ni kuingiza gia ndogo mapema, kabla ya mteremko kuanza, ili injini yenyewe isaidie kulizuia gari. Dereva anayeliachia gari kwenye nyutro ili kuokoa mafuta anaweka rehani roho za watu. Stadi hii haipatikani kwa kusoma daftari, bali kwa kuifanya ukiwa na mkufunzi kando.

Ya tatu ni barabara za udongo za vijijini. Wakati wa masika tope huteleza na maji huvuka njia. Wakazi wa kando ya Mto Mkondoa wanafahamu nguvu ya maji yanayotembea. Dereva anapaswa kufundishwa wakati wa kusimama na kusubiri, hata kama abiria wananung'unika.

Namna ya kulinganisha ada

Tuchukue mfano wa kubuni wenye shule tatu. Shule ya kwanza inatoza shilingi 160,000 na kutangaza saa 20 za vitendo. Ukiuliza zaidi unaambiwa kwamba wanafunzi wanne huingia katika gari moja na kupokezana. Kwa hiyo saa zako za usukani ni 5, nawe unalipa shilingi 32,000 kwa kila saa moja. Shule ya pili inatoza shilingi 240,000 na kukupa saa 12 za usukani zilizoandikwa kwa jina lako, yaani shilingi 20,000 kwa saa. Shule ya tatu ina jengo zuri, sare na magari mapya. Inatoza shilingi 400,000 kwa saa 10 za usukani, yaani shilingi 40,000 kwa saa.

Iliyoonekana rahisi kuliko zote si rahisi tena, na iliyo ghali kuliko zote haikupi muda mrefu kuliko wengine. Hesabu hii si ngumu: gawanya ada yote kwa saa utakazoshika usukani wewe mwenyewe.

Kisha ongeza gharama za kuifikia shule. Tuseme unaishi Kilosa mjini, na shule ya pili iko Mikumi, ambapo nauli na chakula vitakugharimu shilingi 60,000 kwa kozi nzima. Jumla inakuwa shilingi 300,000, sawa na shilingi 25,000 kwa saa. Bado ni nafuu kuliko ile ya kwanza iliyo jirani na nyumbani. Gharama hizo zikifika shilingi 200,000, hesabu inageuka, na shule ya karibu inastahili kufikiriwa upya, ikiwezekana kwa kuomba kununua saa za ziada za usukani. Hatusemi kwamba shule ya mbali ni bora daima. Tunasema kwamba ulinganisho ufanywe kwa jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni.

Ada za Serikali za leseni ya kujifunzia, mtihani na leseni yenyewe zitenganishwe na ada ya shule. Viwango vyake havibadiliki kwa sababu umesoma shule hii au ile, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Shule ikikutajia bei moja ya jumla, iombe ioneshe kwa maandishi kipi ni chake na kipi ni cha Serikali.

Bei ndogo kupita kiasi, na bei kubwa isiyo na sababu

Wapo watakaokuambia kwamba huna haja ya kuhudhuria: toa fedha, cheti kitakuja, na leseni itafuata. Jambo hilo ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea. Licha ya hatari ya kushtakiwa, aliyepata leseni kwa njia hiyo amejinunulia ruhusa ya kuingia barabarani bila ujuzi. Ajali ikitokea, bima inaweza kukataa madai endapo itabainika kwamba dereva hakuwa na leseni halali. Familia iliyookoa shilingi laki moja hujikuta ikiuza shamba.

Kwa upande mwingine, bei kubwa si ushahidi wa ubora. Sare, kadi ya plastiki na picha za mahafali havimfundishi mtu kushuka Kitonga. Linalofaa kulipiwa zaidi ni mkufunzi mwenye uzoefu, idadi ndogo ya wanafunzi katika gari, gari lenye breki ya ziada upande wa mkufunzi, na safari za mazoezi kwenye barabara kuu, mlimani na usiku. Kama bei kubwa haitokani na mojawapo ya hayo, uliza inatokana na nini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, shule imesajiliwa? Omba kuona kibali chake, kisha thibitisha kwa Kikosi cha Usalama Barabarani katika kituo kikuu cha polisi cha wilaya. Kwa chuo cha ufundi stadi, thibitisha kwa VETA, ambayo ina chuo chake hapo Mikumi.

2. Mkufunzi wangu ni nani, na ana sifa gani? Kuwa dereva wa siku nyingi hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Ukufunzi wa udereva una mafunzo yake.

3. Nitashika usukani kwa saa ngapi, na wanafunzi wangapi watakuwa ndani ya gari? Jibu liandikwe.

4. Nitafundishwa wapi? Uwanja pekee hautoshi.

5. Gari likiharibika au mkufunzi akiugua, saa zangu zitafidiwa vipi?

6. Nikishindwa mtihani, mazoezi ya marudio yanagharimu kiasi gani?

7. Je, naweza kulipa kwa awamu? Epuka kulipa ada yote siku ya kwanza. Kila malipo yawe na risiti ya kielektroniki.

Kabla ya kuamua, omba kukaa kiti cha nyuma katika somo moja la mwanafunzi mwingine. Utaona mengi katika nusu saa: kama mkufunzi anafunga mkanda, kama anaeleza kwa utulivu au anafoka, kama anazungumza na simu wakati mwanafunzi anahangaika na klachi. Waulize pia waliohitimu mwaka uliopita, hasa wale wanaofanya kazi ya udereva sasa.

Kwa anayetaka kubeba abiria

Kozi ya msingi haimruhusu mtu kuendesha basi. Kazi hiyo inahitaji uzoefu wa kutosha, daraja la leseni linalofaa, na mafunzo maalumu ya magari ya abiria yatolewayo na vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) nayo ina jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Kwa hiyo jihadhari na shule inayokuahidi kwamba utatoka kwenye kozi ya mwezi mmoja ukaingie moja kwa moja kwenye basi. Panga bajeti yako kwa hatua, na usimalize akiba yote katika hatua ya kwanza.

Usipopewa ulichoahidiwa

Weka daftari dogo. Andika tarehe ya kila somo, muda ulioshika usukani na jina la mkufunzi. Daftari hilo pamoja na risiti na makubaliano ya maandishi ndiyo nguvu yako.

Anza kwa kumwandikia mmiliki wa shule, ukitaja saa zilizopungua na unachodai: saa zikamilishwe au sehemu ya ada irudishwe. Usiposikilizwa, masuala ya usajili wa shule na sifa za mkufunzi yapeleke kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Tangazo lililokupotosha kuhusu huduma liwasilishe kwa Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Ukiombwa rushwa ili upate cheti au ufaulu mtihani, toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, isiyotozwa malipo.

Tunatambua kwamba si kila kaya ina uwezo wa kulipia shule bora iliyopo. Aliye na fedha kidogo afadhali asubiri msimu mmoja zaidi, au alipie saa chache za mkufunzi mzuri na kuongeza nyingine baadaye, kuliko kulipia kozi nzima isiyomfundisha kitu. Siku atakapoingia hifadhini saa mbili usiku akiwa na abiria nyuma yake, hakuna atakayemuuliza ada ilikuwa kiasi gani. Tembo akitokea mbele yake, atategemea zile saa alizokaa kwenye usukani akiwa na mwalimu kando.