Mji unapopanda mlima: Bukavu na upangaji wa ardhi

Bukavu ya wakoloni, iliyoitwa Costermansville, ilikaa zaidi kwenye rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu. Bukavu ya leo imepanda milima ya Kadutu, Bagira na Panzi, na sasa inakula mashamba ya Kabare.

Kila parseli mpya hukata mteremko. Miti hung'olewa, udongo huchimbwa ili kupata mahali tambarare, kisha bati huchukua nafasi ya majani. Mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi hutiririka kutoka paa hadi paa na kufungua korongo. Nyumba ya chini hubeba maji ya nyumba zote za juu, kwa hiyo anayeharibu mara nyingi siye anayeporomokewa. Takataka nazo hushuka ziwani, na plastiki hufika hadi bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. (Hapo angalau mtupa chupa hujizimia taa mwenyewe.)

Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Dola. Lakini ardhi za kimila iliziachia amri ya Rais, na amri hiyo haijawahi kutoka. Katika pengo hilo ndimo mji unamopita. Zamani katika Bushi mtu alipata shamba kwa kalinzi: alimtolea mwami au chifu ng'ombe, akapata haki ya kulima na kurithisha, lakini alibaki na wajibu kwake. Siku hizi neno «kuuza» limelifunika neno kalinzi. Mnunuzi hulipa, hupewa karatasi, na wajibu umekwisha.

Upangaji shirikishi hujaribu kuurudisha wajibu huo. Kabla viwanja havijakatwa, wakaaji, machifu na watu wa kadasta hutembea pamoja mlimani. Wanawake wanaolima huko huonyesha chemchemi na njia za maji. Wazee huonyesha palipowahi kuporomoka. Vyote huchorwa kwenye ramani, wakakubaliana wapi pabaki miti na wapi pasijengwe kabisa. Mhandisi bado anahitajika, maana mkaaji anajua maji yanakopita, lakini si kina cha udongo unaoteleza. Bila muhuri wa ofisi ya urbanismu, ramani hiyo haimzuii mtu.

Mara nyingi, hata hivyo, watu huitwa mkutanoni viwanja vikiwa vimeshauzwa, waombwe tu kuchimba mifereji. Huko si kushirikishwa, ni salongo. Tena wengi wanaojenga kwenye miteremko wamekimbia vita vijijini. Ukiwakataza mlima bila kuwaonyesha mahali pengine wanapoweza kulipia, watajenga usiku.