Asali ya Gusii: kipimo cha risasi atakilipia nani?

Mnunuzi wa asali Kisii au Nyamira ana vipimo vyake: njiti ya kiberiti iliyochovywa kisha kuwashwa, au tone linaloshuka hadi chini ya glasi ya maji bila kusambaa. Hata vikisema kweli, vipimo hivyo vinahusu maji na sukari tu. Kifaa wanachoonyeshwa wafugaji nyuki kwenye mafunzo nacho kinasoma unyevu, kama umepita asilimia 20 au la. Metali nzito kama risasi, kadimiamu na zebaki hazionekani kwa njia yoyote kati ya hizo. Sampuli lazima iyeyushwe kwa asidi na kupitishwa kwenye mashine ya maabara. Ulaya, tangu 2016, risasi katika asali haitakiwi kuzidi miligramu 0.10 kwa kilo, kiasi ambacho ulimi haukijui.

Mama mmoja anayeuza asali kwa jumla soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, amechoka na habari za vipimo. Aliambiwa akitaka kuingia supamaketi alete cheti cha maabara. Akapeleka chupa Nairobi, akalipa, akangoja. Majibu yalipofika, asali yenyewe ilikuwa imeshaliwa. Na cheti kile, anasema, kilihusu mzigo ule tu. Debe la wiki iliyofuata lilitoka kwa mtu mwingine, mlima mwingine. Kinachomuuma zaidi ni jirani zake sokoni wanaochemsha sukari nguru, kuichanganya na asali kidogo na kuuza kwa bei ya chini. Hao hawaulizwi cheti. Yeye aliyejipeleka kupimwa ndiye anayefuatwa kwa maswali.

Afisa mmoja wa serikali aliyeomba asitajwe hana wasiwasi. Gusii, anasema, ni chai, migomba na mikaratusi. Viwanda vizito hakuna, kwa hiyo asali ni safi. Alipoulizwa majibu ya maabara yako wapi, alisema mpango unaandaliwa. Mipango ya namna hiyo huandaliwa muda mrefu.

Hata hivyo hoja yake ina ukweli kiasi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, na mizinga iliyo karibu na barabara ya Keroka haitishi kama ilivyotisha zamani. Ila si asali yote inayouzwa hapa imetoka hapa. Nyingine huteremshwa kutoka Trans Mara, na huko upande wa Lolgorian wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Hilo halithibitishi kwamba zebaki imefika kwenye sega, lakini linatosha kuharibu hoja ya kukosa viwanda.

Hatari iliyo karibu zaidi pengine ni chombo. Asali ina asidi, na ikikaa miezi kwenye debe la mabati hulila taratibu. Ziko pia ndoo zilizokuwa za rangi, na mashine za kukamulia zilizoungwa kwa lehemu yenye risasi. Ndoo ya plastiki ya chakula ni nafuu kuliko kipimo kimoja cha maabara, ingawa haimpi mtu cheti cha kuonyesha supamaketi.

Vikundi vya wafugaji vinaweza kuchanga, vikamwaga asali kwenye pipa moja na kulipia sampuli moja. Gharama ingeshuka. Mama wa Daraja Mbili hataki: debe moja bovu likiingia, pipa zima linakataliwa, na mwenye debe hatajulikana.