Deni si kosa la kulala mu buloko: dola 300 zilinifundisha

Leo ninaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunakutana nalo hata kabla ya kupata kazi ya kwanza: kukopesha makuta na kukosa kulipwa. Sitaanza na sheria. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Mwaka 2021 nilimkopesha dola 300 mwenzangu tuliyesoma naye. Alitaka kununua mashini ya fotokopi, aiweke karibu na shule hapa Likasi. Tulipatana arudishe kwa miezi mitatu. Karatasi hatukuandika, niliona kumwandikisha rafiki ni kama kumtukana. Mwezi wa tano ulifika, sijaona hata dola moja. Kila nikipiga simu, jibu ni lile lile: "Ngojea kidogo, yaya, makuta haiyaingia."

Basi nikafanya kile ambacho watu wengi wanafanya. Nilienda kwenye ofisi moja ya polisi, nikatoa dola 20 za kupeleka mwito, wakamkamata. Alilala huko siku mbili. Siku ya tatu familia ilitoa dola 100 ili aachiliwe. Kwangu haikufika hata moja. Na zile dola 100 zilitoka wapi? Waliuza mashini, tena kwa haraka, kwa bei ya hasara.

Kisha nilikutana na mama yake sokoni, Kikula. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Ulimulalisha mutoto yangu mu buloko. Sasa atakulipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lilinirudisha kwenye vitabu, na ninataka kuwaeleza nilichokuta.

Deni ni kitu kimoja, kosa ni kingine

Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Inasema kwamba mapatano yaliyofanywa sawasawa ni sheria kwa wale waliopatana. Asiyetimiza analazimishwa, lakini anayemlazimisha ni muamuzi wa mambo ya sivili, si polisi. Tena Congo, ikiitwa Zaïre, iliingia mwaka 1976 katika Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa. Kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Polisi anaingia kama kuna kosa la kweli. Kifungu cha 98 cha kanuni ya malipizi kinahusu utapeli: mtu anatumia jina la uongo au hila ili umpe mali yako. Kifungu cha 95 kinahusu kuvunja uaminifu: umempa mtu kitu akitunze au akifanyie kazi fulani, yeye akakila au akakiuza. Makosa hayo yanaweza kumfunga mtu tangu miezi mitatu mpaka miaka mitano.

Hapa ndipo wengi tunateleza. Unasema: "Si nilimwamini? Basi amevunja uaminifu." Hapana. Makuta uliyomkopesha yamekuwa yake, ana ruhusa ya kuyatumia. Anadaiwa kiasi kile, hadaiwi noti zile zile. Hiyo ni deni tupu. Lakini likiandikwa "kuvunja uaminifu" kwenye karatasi ya polisi, deni linageuka kosa, na mlango wa kasho unafunguka. Mimi pia nilikubali liandikwe hivyo.

Mji huu ulikuwa na tribinali ya madeni

Babu zetu walifika hapa, wakati mji ukiitwa Jadotville, kufuata kazi ya Union Minière. Walitoka Kasai, Rhodesia, Ruanda-Urundi na kwingineko. Mtu alikopeshana na jirani ambaye hakujua ukoo wake wala chifu wake. Sasa nani angeamua kati yao?

Dekreti ya 1926 ilipanga tribinali za wenyeji. Ile ya 1931 ikaunda miji ya wenyeji iliyo nje ya utawala wa machifu, iliyoitwa santre ekstra-kutimie, na ndani yake tribinali ya santre. Waamuzi walikuwa Waafrika waliowekwa na utawala wa Wabelgiji, na Mzungu aliwachungulia juu ya mabega. Nisipambe: ulikuwa mfumo wa ubaguzi, Wazungu walikuwa na tribinali zao. Ila ukisoma hukumu za tribinali za wenyeji katika jarida la sheria lililoanza kutoka Elisabethville mwaka 1933, unakuta maisha yetu ya leo: mali ya ndoa isiyorudishwa, ugomvi wa ndugu, madeni. Wageni walipeleka madeni yao mbele ya muamuzi kwa sababu tribinali ilikuwa karibu na watu, na kila mmoja alisema maneno yake kwa mdomo.

Si huku tu. Katika karne ya 19, Wamarekani walipohamia magharibi na kufungua wilaya mpya, kesi nyingi katika tribinali zao ndogo zilikuwa za madeni. Sarafu zilikuwa haba. Watu waliandikiana vikaratasi vya ahadi, na kikaratasi kiliweza kupita mkono kwa mkono mpaka kwa mtu ambaye mwenye deni hamjui hata kwa sura. Huyo ndiye aliyeshitaki. Mara nyingi mwenye deni hakuja hata kujitetea: deni analijua, makuta hana.

Mmoja wao alikuwa kijana Abraham Lincoln. Duka alilofungua na mwenzake katika kijiji cha New Salem, Illinois, lilikufa, na likamwachia deni la zaidi ya dola 1 000. Alishitakiwa, akashindwa. Farasi wake na vyombo vyake vya kupimia ardhi, yaani vyombo vya kazi yake, vikakamatwa na kuuzwa kwa mnada. Jirani mmoja, James Short, alivinunua akamrudishia. Lincoln aliendelea kupima mashamba, akawa avoka, na ilimchukua miaka mingi kumaliza deni lile. Tena alipokuwa avoka, sehemu kubwa ya kesi zake zilikuwa za kudai madeni ya watu.

Wazieni kama Short hangekuwako. Vyombo vimeenda, kazi imeenda, wadai wangelipwa na nini? Ni swali la mama yule wa Kikula. Na ni moja ya sababu zilizofanya inchi nyingi zifute kifungo cha deni: Ufaransa mwaka 1867, Ubelgiji mwaka 1871, majimbo ya Marekani moja baada ya jingine katika karne ile ile. Mtu aliyefungwa hafanyi kazi, na asiyefanya kazi halipi.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, andika kabla ya kutoa. Majina kamili, anwani, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, ni dola au ni franka, tarehe ya kurudisha, sahihi zenu, na mashahidi wawili. Mkopaji aandike kwa mkono wake mwenyewe. Ukiweza, tuma makuta kwa simu, alama inabaki.

Pili, siku ikipita, mwandikie barua ya kumdai, umpe tarehe ya mwisho. Baki na kopi ambayo yeye ametia sahihi kwamba ameipokea. Wengi wanalipa hapo, au wanaomba kulipa kidogo kidogo.

Tatu, nenda tribinali. Kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013, tribinali ya amani inapokea madai ya thamani isiyopita franka 2 500 000. Mwaka ule kiasi hicho kilipita dola 2 700. Leo hakifiki nusu yake. Deni kubwa zaidi linaenda tribinali ya juu yake, ambayo pia iko hapa Likasi.

Kuna pia njia fupi. Tangu Septemba 2012 Congo iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya kudai madeni, iliyofanywa upya Oktoba 2023, inakuruhusu kuomba amri ya kulipa. Unapeleka ombi pamoja na karatasi zako. Deni liwe la hakika, kiasi chake kijulikane, na siku yake iwe imefika. Muamuzi akiridhika anatia sahihi bila kumwita mwenye deni, na wisie anampelekea. Mwenye deni ana siku chache za kupinga. Akipinga, tribinali inajaribu kwanza kuwapatanisha. Akinyamaza, amri inapata nguvu, na mali yake inaweza kukamatwa.

Mumeona? Kila mlango hapo unafunguliwa na karatasi. Mimi sikuwa nayo, ndiyo maana polisi ilionekana njia rahisi.

Mwaka jana nilimtafuta yule mwenzangu. Nilikata dola 100 juu ya ile mashini, tukaandika karatasi ya dola 200, dola 20 kila mwezi, mama yake akiwa shahidi. Amelipa mara saba. Urafiki wetu haujarudi kama zamani, tunasalimiana, basi. Kama wiki hii kuna mtu anakuomba makuta, muchukue kalamu kwanza, wakati mungali mnacheka pamoja.