Ramnosi na bakteria wa tauni

Ramnosi ni sukari inayopatikana hasa katika kuta za seli za mimea. Bakteria kadhaa wa utumbo huila kwa msaada wa jeni za kundi la rha. Jeni rhaT hutengeneza protini inayoingiza sukari hiyo ndani ya seli. RhaA, rhaB na rhaD hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja hatua kwa hatua. RhaS huziwasha zote ramnosi inapokuwepo.

Yersinia pestis ni bakteria wa tauni, ugonjwa uliozuka wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara, mwaka 1980 na kurudi mara nyingi baadaye. Kwa kawaida hawezi kutumia ramnosi: jeni zake bado zipo, lakini badiliko dogo katika rhaS limezima mfumo. Alitokana na Yersinia pseudotuberculosis, anayeishi utumboni na udongoni na ambaye bado huitumia. Yeye huishi katika damu ya panya na utumbo wa viroboto, ambako sukari za mimea ni adimu.

Maabarani, kipimo cha ramnosi husaidia kuwatofautisha bakteria hao wawili wanaofanana sana. Hata hivyo, mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tauni hupewa antibiotiki mara moja, kwa kuwa kusubiri majibu kunaweza kumgharimu maisha.