Je, Kuinua Vyuma Kwamzuia Kijana Asikue?

Katika mitaa mingi ya Lubumbashi, na ya miji mingine ya Kongo, vijana wamejitengenezea vyuma vyao wenyewe: makopo mawili ya rangi yamejazwa saruji, yakaunganishwa kwa bomba. Jioni, masomo yakiisha, huyainua uani, mmoja akihesabu na wenzake wakishangilia. Baba atazama kwa mashaka; mama asema waziwazi kwamba mtoto huyu atabaki mfupi. Yafaa tulipime neno hilo, kwa maana lina sehemu ya kweli, ila kweli hiyo haipo pale wazazi wengi wanapoidhania.

Mfupa wa kijana hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini. Ujana ukiisha, gegedu hilo hugeuka mfupa mgumu, kwa wasichana mapema kuliko kwa wavulana, na urefu hukoma. Ni kweli laweza kuumia: kijana ainuapo mzigo uliopita nguvu zake, mgongo umepinda, wenzake wakimchochea, wala hakuna mkubwa wa kumwangalia. Lakini mazoezi ya kipimo, yenye msimamizi, hayapunguzi kimo. Hivyo ndivyo walivyoandika madaktari wa watoto wa Marekani, kwa jina la chama chao, mwaka 2020. Mwaka huohuo Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kwamba angalau siku 3 kwa juma yawe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kuna kitu kizuiacho kimo kweli, lakini hicho si kopo la saruji. Ni vidonge na sindano ambazo wengine huzitafuta ili wapate kifua kipana upesi. Homoni za kukuza misuli zaweza kulifunga gegedu kabla ya wakati wake, na mfupa usirefuke tena. Dawa za jamii ya kortizoni, ambazo watu humeza wapate kunenepa, hupunguza mwendo wa kukua na kudhoofisha mifupa. Mwili hujaa maji na mafuta, ukadhaniwa una nguvu. Dawa hizo zina kazi yake hospitalini, kwa amri ya daktari. Mzazi amkatazaye mwanawe chuma, asiulize kilichomo mfukoni mwake, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Basi nguvu hupatikanaje? Kwa mtoto asiyebalehe bado, misuli hainenepi sana, na hata hivyo nguvu huongezeka, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuiamuru misuli ifanye kazi pamoja. Ni kama kwaya mpya: sauti zimo zote, ila hazijajua kuingia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo majuma ya kwanza hayahitaji uzito wowote. Mwili wenyewe watosha: kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono, kuchuchumaa na kusimama, kujivuta kwenye mwamba wa goli. Mara 8 hadi 15, kisha apumzike. Asizuie pumzi. Uzito uongezwe kidogo kidogo, na pale tu kijana awezapo kurudia tendo lote bila kupindapinda.

Siku 2 au 3 kwa juma, zisizofuatana, zatosha, kwani misuli hujengwa wakati wa kupumzika na wa kulala usingizi. Na kijana aliyebeba magunia sokoni tangu asubuhi, asiitwe mvivu jioni akikaa, amekwisha kuchoka. Apewe bukari pamoja na maharage, ndakala au karanga. Unga wa kopo la dukani, wenye picha ya mtu wa misuli, hauhitajiki.

Wasichana nao wasiachwe. Mifupa hujiwekea akiba ya uimara hasa miaka ya ujana, na anayeitumia akiba hiyo uzeeni ni mama kama ilivyo kwa baba.

Wamisionari walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto waliwaanzishia wanafunzi wa mji huu timu ya mpira. Ndiyo iitwayo leo TP Mazembe, bingwa wa Afrika mara 5. Parokia nyingi zina uwanja hata sasa. Uwanja huo ukifunguliwa jioni mbili kwa juma, chini ya macho ya mwalimu mmoja mwenye subira, makopo ya saruji yatahama kutoka uani na mashindano ya kichaa yatapungua.

Mwalimu huyo atazame goti, mgongo na pumzi kuliko kuhesabu kilo. Misuli ikiuma kesho yake, ni kawaida. Lakini kijana akiumwa kwenye kiungo, au penye ncha ya mfupa, na maumivu yasiishe kwa siku chache, asikandwe wala asivutwe. Apelekwe hospitalini, na mazoezi ya kiungo hicho yakome mpaka daktari aruhusu.